Masweta ya Kufumua

Mwanamume wa kwanza niliyemwona akipiga pasi magauni ya mkewe kwa hiari yake alikuwa mzee wa Kizungu, jirani yetu pale Izia, Sumbawanga. Asubuhi alisimama barazani na pasi ya mkaa, akinyoosha magauni huku akiimba, na wapita njia walipunguza mwendo ili wapate kisa cha kusimulia sokoni. Mama yangu alisema yule mzee amelishwa kitu. Mimi nilipowazoea niliona ni mapenzi tu, na niliwaonea wivu.

Walikuwa wamisionari, wote wawili wameshapita umri wa kustaafu. Kanisa lao halikuwa na watu wengi, maana Ufipa tumejaa Wakatoliki, nasi nyumbani tulikuwa Wakatoliki wa kuzaliwa. Waliosali kwao walikuwa hasa wafugaji waliohamia kutoka kanda ya ziwa. Wala hilo halikuwanyima usingizi. Babu, kama tulivyomwita, alipanda baiskeli kila siku kwenda hospitali na chupa ya uji kwa wagonjwa wasio na ndugu. Bibi alifundisha wanawake kufuma masweta barazani kwake, na hakumuuliza mtu anasali wapi.

Mimi nilifika pale baada ya kuachwa. Mume wangu alikwenda Mbeya kutafuta maisha, akayapata, na mke mwingine juu yake. Nilirudi kwa mama na mwanangu wa darasa la kwanza, na sindano za kufumia ndizo zilizonizuia nisiwe mzigo. Kwetu baridi ya mwezi wa sita haina utani, na mzazi anayejiheshimu hampeleki mtoto shule bila sweta. Mwaka ule mwalimu mkuu wa shule moja ya Milanzi alitukabidhi kazi ya masweta ya bluu ya wanafunzi wake, tuyamalize kabla shule hazijafunguliwa Julai. Tukifanya vizuri, kazi nyingine ingefuata. Tukishindwa, mimi nilikuwa naenda kijijini Mollo kulima kibarua kwenye mashamba ya watu.

Shida ilikuwa uzi. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ya nje imefunguliwa, maduka yaliyozoea rafu tupu yamefurika bidhaa, na mfanyabiashara aliyekuwa akituletea nyuzi akazitupa mkono, akageukia mitumba. Bibi akaomba msaada kwa waumini wenzake kwao. Aliwaeleza kwamba wanawake wa Sumbawanga wanahangaika na masweta. Wale watu wema wakachanga kwa moyo mmoja, wakatuma walichokielewa, yaani robota zima la masweta yaliyokwisha kuvaliwa.

Lilifika Juni. Babu alilipasua kwa kisu cha jikoni, masweta yakamwagika baraza nzima, na Bibi akapiga makofi kama msichana.

"Tutagawa Jumapili," alisema. "Kila mtoto apate lake!"

Wenzangu wakatazamana. Kisha mmoja mmoja wakasema asante Bibi, Mungu akubariki Bibi. Ndivyo tulivyolelewa, mkubwa akikupa kitu unapokea kwa mikono miwili, hata kama kitakuunguza. Lakini mimi ulimi wangu haujawahi kusubiri ruhusa.

"Bibi, samahani. Ukigawa haya Jumapili, Jumatatu nani atanunua sweta letu?"

Akanitazama bila kuelewa. "Lakini watoto wanasikia baridi."

"Wanasikia, Bibi. Na wangu atasikia njaa."

Uso wake ukabadilika, polepole, kuanzia macho. Akajiinamia. "Sasa nifanye nini, mwanangu? Niyachome moto?"

Nilichukua sweta moja, nikakata mshono wa shingo kwa meno, nikatafuta kichwa cha uzi, nikavuta. Sweta likaanza kufumuka mapajani mwangu, uzi ukija mrefu, umejikunja lakini mzima. Bibi aliangalia, akacheka mpaka akashika ubavu, halafu akamwita mumewe.

"Njoo huku! Lete mikono."

Ikawa hivyo wiki nzima. Babu akitoka hospitali aliketi kigodani na mikono mbele, nasi tukimzungushia uzi uliofumuliwa, kisha tukaufua, tukauchovya katika rangi ya bluu na kuuanika ukiwa umening'iniziwa jiwe ili unyooke. Masweta yaliyokatwa na kushonwa kiwandani hayafumuki, uzi wake ni vipande vipande, kwa hiyo Babu aliwapelekea wagonjwa wake. Mama yangu alikuja kumshuhudia mzee mzima akishikishwa uzi. Alisema, "Jamani, huyu kalishwa kweli," akavuta mkeka na kuanza kufumua.

Tulimaliza kazi ya mwalimu mkuu. Lilibaki sweta moja tu, la mwanangu, na uzi wa bluu ulikuwa umekwisha, rangi pia. Nikachimba chini ya robota, nikatoa sweta zito la kijana, bluu ileile ya shule, limefumwa kwa mkono. Bibi akalichukua. Akapitisha kidole begani, mahali ambapo safu moja ya vitanzi ilikuwa imepinda.

"Hili nimelifuma mimi," alisema. "La kijana wetu, tulipojiandaa kumwacha kwetu tuje huku. Hapa alikuwa analia, nikakosea. Kumbe amelitoa."

Babu akamshika bega. "Uliomba uzi," alisema. "Naye ameleta."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. "Bibi, liweke. Mwanangu atasubiri."

"Shule inafunguliwa lini?"

"Keshokutwa."

"Basi tunasubiri nini?"

Akakata mshono yeye mwenyewe. Babu akanyoosha mikono bila kuambiwa. Bibi alivuta uzi huku machozi yakimtoka, hakuyaficha, na sweta likaendelea kupungua mapajani mwake mpaka likaisha.

Nilifuma usiku na mchana. Asubuhi ya shule tulipita kwao, Babu akiwa barazani na pasi yake kama kawaida. Nikawapa habari kwamba mwalimu mkuu ameagiza masweta ya muhula mwingine. Mwanangu akasema shikamoo Bibi, naye akaitikia marahaba, akainama kumtengeneza kola. Mkono wake ukashuka begani, ukasimama. Nilikuwa nimeirudia ile safu iliyopinda, mahali palepale.

Bibi akamwita mumewe aje kuigusa. Gauni likaungua.