Chupa Nilizoziosha kwa Sabuni

Nianze na aibu yangu, maana hapa Kiongoroni wameshaicheka mpaka imeisha ladha: chupa za kupimia uchafu wa maji niliziosha mimi, kwa sabuni ya unga.

Kamba wetu walikuwa wanakufa. Tangu mashamba ya mpunga ya huko juu yaanze kupigwa dawa ya magugu, tunawakuta wanaelea kwenye mkondo wa mto, hapa unapoingia baharini, wamelegea. Na mimi kamba ndio kazi yangu, sina nyingine; shule niliiacha kidato cha pili, nayo haikunifuata. Tukalalamika wilayani mpaka akaletwa mtaalamu. Nikapewa kazi ya kumpigia kasia. Alipokwenda kula, nikaona chupa zake zina vumbi. Mgeni wa watu, nikamwonea haya. Nikazisugua, nikasuuza juujuu, nikazirudisha kwenye boksi, najiona mstaarabu.

Akarudi, akachota maji mara moja tu, tena yamejaa, mkondo mzima ni bahari tupu, ya kutoka mashambani hayapo. Akaondoka.

Baada ya wiki kadhaa akasoma majibu kwenye mkutano wa kijiji. Dawa haikuonekana. Kilichoonekana ni sabuni.

"Akina mama muache kufua mtoni," akasema.

Mke wangu akasimama. "Baba, maji yale ya chumvi. Sabuni itatoa povu wapi? Sisi tunafua kisimani."

"Mama, vipimo havidanganyi."

Hapo ndipo damu iliponichemka. Msomi mzima hajui kitu ambacho kila mtoto wa hapa anakijua. Hakuuliza dawa inapigwa lini. Hakuuliza maji yanakupwa saa ngapi. Hata nani kashika chupa zake hakuuliza. Halafu lawama anawaandikia wanawake.

Nikasimama, nikasema sabuni ile ni yangu, niliosha chupa, basi aje apime upya maji yakiwa yamekupwa. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Yeye hakucheka. Akasema ripoti imeshasainiwa, akafunga jalada lake.

Kesho yake kamba wanaelea vilevile. Tukawa tunawaokota, mimi na mwenzangu ninayevua naye, nimenuna. Akaniangalia, akasema:

"Shemeji miaka yote analia huoshi hata kikombe. Siku umeamua kuosha, umeosha ushahidi."