Usiseme Imekufa

Mwanangu, nakumbuka asubuhi niliyoshuka Eldoret nikitoka Lodwar, mgongo umekufa ganzi kwa kukalia magunia matupu ndani ya lori, na baridi ya Uasin Gishu ikanipokea bila salamu. Kabla ya Lodwar nilikuwa Busia, na kabla ya Busia, Kisumu. Miguu yangu haijawahi kujua kutulia. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na mazoea kidogo ya kompyuta, basi Mama Jerop, mwalimu mstaafu aliyekuwa na saiba, duka la kompyuta na kuchapa, upande wa Pioneer, akanipa kazi ya kuchapa.

Siku moja akaingia mama mmoja kutoka Kiplombe, ameshika flash kiganjani kama mtu aliyebeba yai. Mumewe alikuwa anazikwa kesho yake. Maneno ya programu ya mazishi tulikuwa tumeshayachapa. Kilichobaki ni picha ya ukurasa wa kwanza, nayo ilikuwa ndani ya flash ile peke yake. Mpwa wake, mkimbiaji, ndiye aliyeipiga kabla ya kurudi ng'ambo.

"Ile ya kitambulisho sitaki," akaniambia. "Hapo anakaa kama mtu ameshikwa na polisi."

Nikaichomeka. Kompyuta ikalia kidogo, halafu kimya. Nikatazama panapotokea diski: hakuna kitu. Nikaitoa, nikaipuliza, nikaichomeka nyuma ya mashine. Hakuna. Kijana wa boda boda aliyekuja kutoa kopi ya leseni akacheka.

"Buda, hata flash inakukataa?"

Waliokuwa kwenye foleni wakacheka naye. Aibu, mwanangu, ina haraka kuliko moto wa nyasi kavu. Nikamrudishia yule mama kifaa chake nikasema, "Mama, hii imekufa."

Akaketi. Alikitazama tu kile kidude.

Mama Jerop angeweza kunigombeza mbele ya watu, maana sauti ya darasani bado alikuwa nayo. Lakini aliniita kando, karibu na mashine ya fotokopi, akasema polepole:

"Huyu mama wiki yote amekuwa akiambiwa neno hilo. Na wewe unamwongezea? Umeitafuta wapi?"

"Hapo tu, madam."

"Hapo tu! Kompyuta imelia ama haikulia?"

"Imelia."

"Basi imeiona. Haijui tu itaiweka wapi."

Akanirudisha kwenye kiti, nikaiomba flash kwa yule mama na kuichomeka tena, naye akanionyesha orodha ya diski zote, ile ambayo watu wengi hawaifungui. Flash ilikuwa pale, nzima. Kila diski hupewa herufi yake, na herufi iliyoangukia flash ilikuwa imeshakaliwa na diski ya pamoja inayotumiwa na kompyuta zote za duka. Wawili hawawezi kuketi kigoda kimoja. Nikaipa herufi nyingine, ikafunguka palepale.

Mzee alikuwa amesimama katikati ya mahindi, gambuti miguuni, anacheka mdomo wazi.

"Ananicheka mimi," mama akasema, akiigusa skrini. "Nilikuwa nimeteleza kwa matope nikaanguka na ndoo." Naye akacheka, machozi yakimshuka. Kijana wa boda boda akavua helmeti yake. "Pole sana, mama," akasema.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mwanangu, kitu cha mtu kikikwama mkononi mwako, usitangaze kifo. Sikiliza kama mashine imelia. Badilisha tundu. Fungua orodha ya diski, na kama herufi zimegongana, ipe flash herufi nyingine. Mashine ikikuuliza kama ifute kila kitu, usikubali upesi. Kuuliza kwake si amri. Na kama bado hujui, sema "sijui, ngoja tutafute." Neno hilo halijamuua mtu. Watu nao ni vivyo hivyo. Wengi tunaowaita wameshindikana wanangoja tu kupewa mahali pao.

Siku niliyohama Eldoret kabisa, Mama Jerop alinifungia mursik, maziwa ya mgando ya kwao, kwenye chupa, akaniambia niende na macho yaliyofunguka. Sijapata kazi tena pale, wala sijapata mwalimu kama yeye. Nawe, mwanangu, Mungu akupe jicho lisilochoka kutafuta na ulimi unaojua kungoja. Na ukifika mji usiokujua, akukutanishe na mtu wa kukusogezea kiti.