Maji Tuliyowapa Wapita Njia

Nisamehe mwandiko wangu, ndugu msomaji. Herufi zangu zinapanda na kushuka kama njia ya kutoka Newala kwenda bondeni, na nilipokosea utanisomea kwa huruma. Niliishia darasa la nne, na hata huko nilikuwa wa mwisho kumaliza imla. Lakini juzi nilipita shuleni kwetu nikaliona lile tangi la maji. Kufuli bado linaning'inia kwenye bomba, limeshika kutu, nami nikaona sina budi kuandika.

Kama umekulia huku juu, unajua shida yetu ya maji. Alfajiri wanafunzi tulishuka bondeni, umande ukitulowesha miguu, kila mmoja na mtungi au debe lake. Kupanda ndiko kulikuwa kazi. Tukishamimina tangini, tulipewa ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha, ya moto, yenye harufu ya udongo. Mwalimu mkuu alikunywa wa mwisho. Alikuwa mtu wa Masasi, mrefu, mwenye kikohozi kisichopona, na fimbo yake ilikaa juu ya kabati mpaka ikaota utando wa buibui.

Miaka ile chama cha kudai uhuru kilikuwa kimeanza kuvuma, na walimu walikatazwa kabisa kukikaribia. Siku ya mkutano sokoni, mwalimu mkuu alifunga madirisha akatuimbisha tebo za hesabu kwa sauti kubwa, tusisikie neno la nje. Tuliimba mpaka makoo yakakauka.

Askari waliuvunja mkutano ule. Kundi lililokuwa limetoka Lisekese kwa miguu likapita mbele ya shule, vumbi mpaka kwenye kope. Mzee mmoja akasimama ukingoni mwa uwanja.

"Hodi, wenyewe. Tunaomba maji."

Kwetu mtu akibisha hodi kuomba maji hanyimwi, hata kama mna ugomvi wa shamba. Na anayempa huonja kwanza, kuonyesha kwamba hayana ubaya. Mwalimu mkuu alitazama barabarani, akakohoa, akanipa kata ya kuchotea.

"Wape, mwanangu. Usimwage."

Nikaonja, nikampa mzee. Nikaonja, nikampa wa pili. Tumbo likajaa kama ngoma, na wenzangu wakanicheka: "Leo utakojoa mpaka Ruvuma ifurike!" Nami nilicheka. Sikumwona tarishi wa liwali, amesimama na baiskeli yake, akitutazama.

Jioni habari zilikuwa zimeenea. Mwalimu mkuu amewanywesha watu wa chama maji, msichana akiyaonja kwanza, kama katika vile vita vya maji vya wakati wa Mjerumani. Bibi aliposikia, alikaa chini pale pale mbele ya kinu. Vita vile vilimkuta mtoto.

"Watu walikunywa maji ya dawa," alisema, "na sisi tukaishi porini tukila mizizi. Mama yangu hakurudi. Wakikuuliza, wewe ni bubu. Umenisikia?"

Liwali alikuja pamoja na Bwana Shauri, yule Mwingereza mkuu wa wilaya. Tulipangwa mistari uwanjani. Nikaitwa mbele.

"Ni huyu?" liwali aliuliza.

"Ndiye," tarishi akajibu. "Mdogo kama kitumbua, lakini mwanasiasa."

"Mwalimu wako aliyasemea maji maneno gani?"

Nilimkumbuka bibi. Lakini nikiwa bubu, wangeamini kwamba maneno yalikuwepo, na mwalimu wangu angepotea.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Jibu!"

"Alisema nisimwage."

"Na kuonja, nani alikufundisha?"

"Bibi."

Liwali alikuwa mtoto wa huku huku juu. Alionjewa maji tangu utotoni, na angeweza kumweleza Mwingereza kwa sentensi moja tu kwamba hiyo ni desturi yetu. Tulimngoja. Mwalimu mkuu akasema kwa upole, "Jua ni kali, Bwana Liwali. Mpe maji mgeni wetu, mwanangu."

Nikaonja, nikamnyooshea liwali kata kwa mikono miwili. Midomo yake ilikuwa imekauka, imepasuka. Aliyatazama maji, kisha akamtazama Bwana Shauri.

"Sina kiu," akasema.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Sikuwa nimejua kwamba hofu inaweza kumfanya mtu mzima akatae maji.

Mwalimu mkuu alihamishwa, wapi hatukuambiwa. Aliondoka nyuma ya lori na mkeka wake, tukamsikia akikohoa mpaka konani. Aliyekuja baada yake alileta kufuli. Tuliendelea kushuka bondeni, lakini wapita njia walipobisha hodi tulitazama miguu yetu. Muda si mrefu bibi akanitoa shule.

Sasa uhuru umepatikana. Bibi hayupo, nyimbo za tebo sizisikii tena, na kata ile sijui iko wapi. Juzi mwalimu mkuu wa sasa aliniuliza kama nina kadi ya chama kabla hata hajaitikia shikamoo yangu. Alivyotazama huku na huku kwanza, nilimkumbuka liwali. Nilipouliza habari za kufuli, alisema hajui nani ana ufunguo.

Ndugu msomaji, kama kwenu kuna mwalimu mzee wa Masasi, mrefu, mwenye kikohozi, niandikie. Andika herufi kubwa, maana nasoma polepole. Na umwambie, tafadhali, kwamba sikumwaga hata tone.