Mkono wa Baba Juu ya Goti

Watu husema mjini salamu zimekwisha. Huwa nawasikiliza tu, maana wanaosema hivyo hawajawahi kutembea na baba yangu barabara ya kwetu Kijenge. Alihamia kwangu kutoka kijijini kwetu Terrat baada ya mama kufariki. Kutoka getini hadi dukani ni hapo tu, lakini yeye alikuwa akimaliza nusu ya jioni njiani. Kila mtoto aliyepita, awe wa jirani au wa mtu tusiyemjua kabisa, alisimama mbele yake na kuinamisha kichwa. Baba alimwekea kiganja utosini, akaguna kidogo, mtoto akaenda zake. Mimi na haraka zangu nilisimama pembeni na mkoba, nimenuna.

Ndivyo tunavyoamkiana sisi Waarusha. Mtoto hampi mzee mkono. Anainama na kusubiri aguswe, hata mvua ikiwa inanyesha. Hata mwanamke mzima mwenye watoto wake humwinamia mzee wa rika la baba yake, na kujuana si sharti. Pale Kijenge watoto wa makabila mengine nao waliiga, kwa sababu walikuwa wakicheza pamoja. Na mzee akikunyima mkono, jua ana neno na wewe, au na wazazi wako.

Kisha baba akapata kiharusi. Ulimi ulirudi, mguu ukarudi kwa kuburuta, ila mkono wa kulia haukurudi. Ulining'inia tu chini ya shuka lake la kujitanda. Wa kushoto ulikuwa mzima, lakini kwetu mkono wa kushoto haumbariki mtu, na baba si wa kubembelezwa katika jambo kama hilo.

Siku ya kwanza tulipotoka, binti mdogo aliyetumwa chumvi alimkuta baba amekaa kwenye benchi la dukani. Akainama. Baba akautazama mkono wake. Mtoto akasubiri, akasubiri, halafu akainua macho, akaondoka mbio bila chumvi. Nilitaka kumwita nimweleze, lakini baba alikuwa ameshasimama kurudi nyumbani.

Kesho yake asubuhi mama wa yule mtoto alibisha hodi akiwa na kidumu cha maziwa. Hatukuwa tunafahamiana. Alikuja kuomba radhi kwa kosa ambalo hakulijua. Alisema mwanawe hakulala vizuri, na kama familia yao imemkosea mzee, basi aseme. Baba alikuwa chumbani, anasikia kila kitu. Nilipofungua mdomo kusema habari ya mkono, alikohoa kwa nguvu, nami nikaelewa kwamba hataki. Nikapokea maziwa, nikasema hakuna neno. Yule mama aliondoka akiwa na wasiwasi uleule aliokuja nao.

Baba hakuyanywa. Yaliharibika, nikayamwaga.

Tangu hapo hakutoka tena. Daktari alikuwa ametuambia wazi kwamba bila mazoezi ya hospitali bega lingekauka, na mguu ungelifuata. Baba akasema mguu una kazi gani kwa mtu asiye na pa kwenda. Nilimshonea kitambaa cha kutundikia mkono shingoni ili watu waone kwamba anaumwa. Akanirudishia. "Mama, mimi si duka la kuning'iniza bidhaa nje," akaniambia mimi binti yake. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na siku hiyo nilimpigia kelele baba yangu mzazi, kisha nikaenda kulia jikoni. Niliogopa. Nilikuwa namwona akififia kwenye kile chumba kwa sababu ya salamu.

Mwishowe alikubali kwenda hospitali kwa sharti moja, kwamba akae mwisho wa benchi na asisemeshwe na mtu. Tulipofika tulikaa hivyo, yeye mkono umefunikwa shuka gotini, mimi nimekaa upande wa watu kama ukuta.

Ukuta wenyewe haukufaa kitu. Alikuja mwanamke kijana, mtoto mgongoni, shanga shingoni, akawasalimia watu wote benchi zima kabla ya kuuliza nani wa mwisho. Alipomfikia baba, akainama. Baba akatazama sakafu. Yule mwanamke akasubiri.

"Samahani, dada," nikasema, "mkono wake..."

Hakuinua kichwa. Labda aliona lile shuka lilivyolala, labda kwao kuna mzee kama wetu, sijui. Alipiga magoti kwenye saruji, taratibu kwa ajili ya mtoto, akaweka paji la uso juu ya ule mkono uliolala gotini. Akatulia hapo.

"Takwenya," baba akasema. Ndiyo salamu yetu kwa mwanamke.

"Iko," akaitikia. Kisha akasimama, akapangusa magoti, akaniuliza nani wa mwisho kwenye foleni. Nikamwonyesha mzee mwenye kofia. Hatukuzungumza tena, na sijawahi kumwona tangu siku hiyo.

Njiani kurudi baba aliuliza yule ni binti wa nani. Nikasema simjui. "Wamemlea," akasema.

Jioni akadai fimbo yake. Tulienda dukani, akakaa kwenye benchi. Akaushika mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, akautoa nje ya shuka, akauweka juu ya goti mahali pa kuonekana na kila mtu. Tulikaa hivyo mpaka yule binti wa chumvi alipotokea. Alipomwona baba, akavuka upande wa pili wa barabara.

"Njoo," baba akamwita.

Akaja kwa woga, akainama kwa mbali.

"Sogea. Shuka chini kidogo. Mkono wangu siku hizi hauji, unafuatwa."

Mtoto alipiga magoti kwenye vumbi, akaweka kichwa pale. Alikaa muda mrefu kuliko kawaida ya watoto. Alipoinuka aliutazama ule mkono, akaugusa kwa kidole, akamtazama baba.

"Kwa hiyo, babu, hukunikasirikia?"

"Hata kidogo," baba akasema. "Na mwambie mama yako, yale maziwa yalikuwa matamu sana."

Nilikuwa pembeni na mkoba wangu. Nikaitikia kwa kichwa, kwamba ndiyo, yalikuwa matamu.