Ini Moja la Kuku wa Pasaka

Wiki iliyopita binti yangu, mpishi katika hoteli moja ya watalii hapa Karatu, alinipikia nusu kilo nzima ya maini ya kuku. Daktari amesema sukari yangu imepanda, basi mtoto ndiye ameshika madaraka ya tumbo langu. Maini, kitunguu, hoho, ndimu, mafuta kijiko kimoja, mchicha pembeni. Nikauliza ugali uko wapi. Akasema huu ni mlo mwepesi, wageni wake wengi hawataki wanga. Ndugu yangu, nilitamani kumrushia mwiko. Maini ya kuku nimeyatamani tangu utoto. Yamekuja, ugali umefukuzwa.

Wewe unawakumbuka kuku wa zamani. Kwetu Rhotia, mwanzoni mwa miaka ya themanini, mafuta ya kula yakiwa ya foleni, kuku alichinjwa sikukuu au akija mgeni wa kuheshimiwa. Na kila kipande kilikuwa na mwenyewe. Firigisi ya baba, hiyo hata paka alijua. Paja la mgeni. Sisi watoto shingo, miguu na kichwa, tunanyonya mpaka mifupa inang'aa. Ini lilikuwa la bibi, mama yake baba, na hapakuwa na mjadala.

Kupika ilikuwa kazi yangu, msichana mkubwa wa miaka kumi na moja. Ninyonyoe, nitoe nyongo taratibu isipasuke, nipulize kuni mbichi mpaka machozi yanitoke, na ukungu wa asubuhi unaingia mlangoni kama umealikwa. Bibi alikaa kwenye kigoda akinisimamia. "Ini halisubiri maongezi," alizoea kusema, maana ukilisahau motoni linakuwa gumu. Akishasema hivyo anacheka, ufizi mtupu. Nililipika bila kuonja miaka miwili, nikachoka. Inaudhi kupika kitu usichokila.

Pasaka moja nikalila. Mwalimu wangu alikuwa mgeni wetu, na bibi alitoka kwenda kumsalimia. Nikalitoa sufuriani, nikatia chumvi, nikalimaliza kwa matonge mawili huku ulimi unaungua. Uongo nilikuwa nao tayari: nyongo imepasuka, ini limekuwa chungu, nimelitupa.

Tulipokaa kula baba akatazama sahani ya bibi, akauliza ini liko wapi. Nikafungua mdomo. Bibi akaniwahi.

"Nimeshalila jikoni," alisema. "Mwache mtoto apakue."

Kidari nilichomwekea akampa mdogo wangu. Bibi mwenyewe akachovya ugali kwenye mchuzi, akala polepole mpaka wote tukawa tumenawa.

Nilisubiri viboko siku ile, nikavisubiri kesho yake. Havikuja. Nikamkasirikia yeye, unaamini? Angenichapa tungemalizana. Badala yake, kila sikukuu alirudi kwenye kigoda chake na msemo wake ule ule, kama hakuna lililotokea, nami nikazidi kununa. Alifariki nikiwa sekondari, sijasema hata samahani.

Sasa turudi kwenye sahani ya binti yangu. Nyama imeanza kunishinda. Magego ya juu yamekwisha, ya chini yamebaki mawili. Lile ini nikalisaga kwa ulimi na ufizi, likakubali. Hapo ndipo mkono ulipobaki hewani. Bibi hakuwa na jino hata moja, nilimwona hivyo kila siku ya Mungu, na sikuwahi kuwaza. Katika kuku mzima wa Pasaka, kilichokuwa kinalika kwake kilikuwa kile kipande kimoja. Nami nikakila, na meno yangu yote mdomoni.

Binti akauliza mbona siendelei, au chumvi imepungua. Nikamjibu kwa ukali anyamaze, kisha nikaona aibu.

Mafiga hayapo, jiko ni la gesi, maini yanapimwa kwa kilo sokoni na hakuna anayeuliza ni ya nani. Mwenyewe ndiye hayupo.