Sauti Iliyosikika Ndani ya Ukungu

“Maman Georgette, huyu Mungu mwenye aliumba ziwa muzima na milima yote, anaweza kukujua wewe na hii harufu ya sambaza?”

Swali hilo aliuliza jirani yake, Colombe, mshonaji na kiongozi wa kwaya ya kanisa lao, mbele ya waimbaji wote. Walicheka. Georgette naye alicheka. Jumapili iliyofuata akaketi benchi la nyuma, karibu na mlango, na hajaimba tena kwayani tangu hapo.

Sasa ni asubuhi mtaani Cimpunda, jijini Bukavu. Jua limeanza kupiga mabati. Georgette, mjane wa miaka hamsini na minane, amepiga magoti uani, anatandaza sambaza juu ya wavu mkuukuu. Ni samaki wadogo kuliko kidole. Anawageuza mmoja mmoja.

“Kila kamoja kanataka jua yake,” anasema. “Ukisahau kamoja, kanaoza.”

Kazi hii aliianza na mumewe, marehemu Zagabe, mvuvi. Siku hizo Georgette alishuka ziwani mapema, beseni kichwani. Ukungu ulifunika maji, mitumbwi haikuonekana. Wake za wavuvi waliimba wakingoja.

“Tulikuwa bamama wengi! Siku moja Papa Zagabe anafika, ananiambia: ‘Leo uko na mafua.’ Ninamuuliza, umejua namna gani? Anasema: ‘Kule mbali sikuona hata mulima. Lakini sauti yako nilisikia.’”

Anacheka kidogo. Mikono haiachi kugeuza.

Zagabe alipofariki, kazi ya sambaza ndiyo iliyobaki. Siku njema humwachia pesa ya unga na sabuni. Jioni hunawa kwa limau, lakini harufu haitoki.

“Ilikuwa harufu ya nyumba yetu,” anasema. “Sikujua kama ni ya kuonea haya.”

Wiki hii Colombe anakata vitenge vya sare za kwaya kwa sikukuu ya mavuno. Asiyepimwa hataimba. Georgette hajapimwa, wala hajaomba.

Mlango wa uani unafunguliwa. Ni Colombe mwenyewe, sahani ya kununulia sambaza mkononi, metre, ule utepe wa kupimia nguo, shingoni.

“Maman Colombe, karibu. Hazijakauka bado.”

“Nitangoja.”

Lile swali la mbele ya waimbaji bado linangoja jibu. Georgette analijibu bila kugeuka kumtazama jirani yake.

“Ziwa iko kubwa, mimi niko mudogo. Ni kweli. Lakini kama muvuvi, mutu tu, alijua sauti moja ndani ya ukungu, mwenye aliumba ule ukungu atashindwa? Ananipenda na harufu yangu yote. Ninataka kuimba tena, mbele ya sauti yangu kuisha.”

Colombe anaweka sahani chini. Anavua metre shingoni, anainama nyuma ya Georgette, anampima mabega, kisha kiuno. Georgette ameinua mikono yake yenye magamba, asije akamchafua. Colombe anaishika yote miwili, anaipima urefu, anaishusha taratibu.

Kisha anatoka. Sahani yake tupu inabaki pale, kando ya sambaza.