Meno ya Mtangazaji

Nyumbani walimwita Daktari tangu akiwa na miaka minne, siku alipomfunga paka bandeji. Jina likamganda, kisha likamponza. Kaka yake alipokuwa mhandisi na dada yake akawa wakili, ukoo mzima uligeuka ukamkodolea macho yeye, kitinda mimba. Akaingia chuo kikuu kusomea udaktari. Akasoma miaka miwili, akatoka kwa hiari yake, akaenda kujifunza kutengeneza meno bandia katika karakana moja iliyo juu ya duka la vioo. Mama yake, mwalimu mkuu mstaafu, hakutia kitu kinywani siku nzima.

"Wenzio wanaokoa roho za watu," alimwambia, "wewe umekazana na magego!"

Lakini wapo wanaopenda mpira, wapo wanaopenda magari. Daktari alipenda meno. Ukizungumza naye, alikutazama kinywani kabla ya machoni. Alijua kukoroga plasta, kuyeyusha nta, kupanga jino baada ya jino kwa ncha ya kisu kilichopashwa moto. Mwaka wa kwanza ukaisha, na wa pili, na hakuna Jumapili hata moja aliyokula kwa mama yake bila kuulizwa atarudi chuo lini.

Mwishowe wakapatana. Jumatano kulikuwa na mtihani wa leseni ya ufundi, palepale karakanani. Binti akifaulu, mama asingeuliza tena. Akianguka, angerudi chuo kikuu, na fomu ya kurudi ilikuwa imeshajazwa kwa mwandiko wa mama, imebaki sahihi tu. Mama huyo hakuwa mtu wa kuacha mambo nusu nusu. Jumatano asubuhi alikuja na fomu yake, akaketi kwenye benchi la mapokezi, kalamu mkononi.

Mtihani wenyewe ulikuwa huu: kumpangia mgonjwa meno ya juu kwenye nta, kwa saa mbili, kisha kumtia kinywani ayajaribu. Meno yakiwa kwenye nta bado yanasogezeka, na kosa hurekebishika. Mtahini alikuwa bwana mwembamba mwenye rula ya chuma na uso usiojua kucheka. Mgonjwa alikuwa bibi mmoja mchangamfu, mtangazaji mstaafu wa redio, aliyesoma habari miaka thelathini na sasa hakuwa na jino hata moja la juu.

Daktari akaingia kazini na moyo ukimwenda mbio, kwa hamu zaidi kuliko woga. Ilipobaki nusu saa, meno yote yalikuwa yamesimama mstarini. Mtahini akapima katikati, akapima kimo, akapima mzingo, akaandika.

"Safi," alisema. "Mwaka huu sijaona mpangilio ulionyooka hivi. Mtie mgonjwa, tumalize."

Daktari nusura aruke. Mtangazaji akatiwa meno, akapewa kioo, akajitazama, akatabasamu. Kisha akafanya jambo ambalo hakuombwa na mtu. Akaketi wima, akasafisha koo, akasoma habari.

"Hii ni taarifa ya habari ya ssaa ssita mchana."

Kila "sa" na kila "si" ilitoka na mluzi, kama birika linalochemka.

Daktari akaona haya mpaka masikioni. Kosa alilijua papo hapo, maana ndilo kosa la mafundi wa meno kila mahali: kupangia rula na kioo, na kuusahau ulimi. Alikuwa hajamwomba bibi wa watu aseme neno hata moja!

"Matamshi hayana alama," alisema mtahini. "Nimeshapima, na umefaulu. Ukiyagusa nitafuta nipime upya, nawe umebakiwa na dakika ishirini na tano."

"Chukua leseni yako, mwanangu," mtangazaji akamwambia. "Mimi ssina kipindi ssiku hizi."

Neno hilo lilimchoma. Akaufikiria mlango, benchi na ile kalamu. Kisha akasema moyoni, liwalo na liwe.

"Futa," alimwambia mtahini.

Hapo ndipo kazi ilipoanza! Akayatoa meno, akayapaka utando mwembamba wa nta upande wa kaakaa, nyuma ya meno ya mbele. Akamtia. "Bibi, sema sitini na sita." Mluzi ukapungua. Akayatoa tena, akapasha kisu, akayarudisha nyuma meno mawili ya mbele, kidogo mno. Jino moja likachomoka, likadunda, likabingirika mpaka kwenye kiatu cha mtahini. Sheria ilimkataza kumsaidia mtahiniwa. Akainua mguu, akatazama dari. Daktari akalinyakua, akalisafisha, akalirudisha mahali pake. "Sema sufuria saba safi." Bado kidogo. Akaongeza nta. Jasho lilimtiririka, naye alikuwa akicheka peke yake kwa raha. Hakuwahi kuwa hai kiasi hicho.

Dakika mbili zikiwa zimebaki, mtangazaji akavuta pumzi.

"Hii ni taarifa ya habari ya saa sita mchana."

Sauti ikatoka nzima, nzito, tamu. Ikapita mlangoni mpaka mapokezi, na watu wote huko wakanyamaza. Mama hakubisha hodi, aliingia moja kwa moja.

"Ni wewe!" alimwambia mtangazaji. "Nilikuwa nikirekebisha saa ya shule kwa sauti yako!"

"Ni mimi, dada. Nilikuwa nimepotea, binti huyu ndiye aliyenipata."

Mtahini alikuwa ameinama na rula yake. Jino moja la mbele lilikuwa limeingia ndani kupita kipimo. Akakata alama, akakata tena, na Daktari akashika meza.

"Umeshuka sana," alisema mtahini. "Umefaulu kwa ziada ya alama mbili tu." Akagonga muhuri. Daktari alipiga ukelele uliosikika mpaka kwenye duka la vioo.

Mtangazaji na mtahini walipotoka, mama alibaki. Akaurudisha mlango, akahakikisha kwamba umefungwa. Akaketi kwenye kiti cha mgonjwa.

"Siku ya kuniaga shuleni," alisema polepole, "sikuhutubia. Niliwaambia nina mafua."

Akaingiza vidole kinywani, akatoa kibao kidogo chenye meno matatu ya chini, kimechakaa, akakiweka mezani.

"Yanacheza nikisema. Mwaka wa sita huu."

Daktari alikitazama kibao kile. Yeye aliyechungulia vinywa vya mji mzima hakuwahi kuthubutu kukichungulia kinywa cha mwalimu mkuu. Akanawa mikono, akavuta taa karibu.

"Fungua mdomo, mama. Panua. Na utulie."

Mama akatii.